Amfoterisini ndani ya liposomu: je, inavuka kweli kwenda ubongoni, au siri iko kwingine?

Binti Kilombero

Wakuu, habari za jioni.

Nasoma kemia mwaka wa tatu hapa Dar na natakiwa kupeleka pendekezo la mradi wa mwisho. Nimeamua kufanyia kazi vibebeo vya dawa vya kiwango cha nanomita. Ugonjwa niliouchagua ni homa ya uti wa mgongo ya fangasi, ile ya kriptokoka, inayowapata zaidi watu ambao kinga yao imeshushwa na VVU.

Sikuuchagua kwa kubahatisha. Mjomba wangu alilazwa nayo nikiwa kidato cha nne. Alikuwa anawekewa amfoterisini ya zamani, dawa ya kuua fangasi, dripu ya kila siku. Nikipeleka uji nakuta dripu imeshaanza na kitanda kinagonga ukuta kwa jinsi anavyotetemeka, mama amemshika miguu, mablanketi mawili juu yake na jasho linamtoka. Baadaye vipimo vya figo vikapanda, dawa ikasimamishwa, ikarudishwa, ikasimamishwa tena. Mjomba alipona, yuko Ifakara analima mpunga. Lakini ile dripu sijaisahau.

Sasa nasoma kwamba siku hizi kuna amfoterisini iliyofungwa ndani ya liposomu (kifuko kidogo mno cha mafuta), na mgonjwa anapewa mara moja tu badala ya wiki nzima. Msimamizi wangu ananishauri niandike kwamba liposomu, kwa kuwa ni ndogo sana, inapenya kizuizi kati ya damu na ubongo. Nimetafuta ushahidi wa sentensi hiyo na sijaridhika nao.

Je, inapenya kweli? Kama haipenyi, dozi moja inafanyaje kazi? Na mwanafunzi mwenye maabara ya kawaida anaweza kupima nini chenye maana? Pia naomba mtu wa hospitali anieleze mnajuaje kwamba ni fangasi huyu na si TB au kitu kingine, maana nataka utangulizi wangu uanzie kwa mgonjwa.

Nano wa Uyole

Hongera kwa mada. Ushauri wangu: liposomu zimejulikana tangu miaka ya 1960, Alec Bangham na wenzake kule Cambridge, hutaonekana umeleta jipya. Chukua chembe za polima, kwa mfano PLGA, uzipake transferini, protini inayobeba madini ya chuma kwenye damu, kwa nje. Seli za mishipa midogo ya ubongo zina vipokezi vya transferini kwa sababu ubongo unahitaji madini ya chuma. Chembe yako ikishikwa na kipokezi inamezwa upande wa damu na kutolewa upande wa pili. Watafiti wengi wa dawa za ubongo wanaelekea huko.

Mfamasia wa Ziwani

Binti Kilombero, kwanza pole kwa yaliyompata mjomba, na hongera kwa kutoikubali sentensi kabla ya kuiona ikithibitishwa. Mimi ni mfamasia wa hospitali, kanda ya ziwa. Dawa zote mbili, ya zamani na ya liposomu, zimepita mikononi mwangu, na wagonjwa wake nawajua kwa sura. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili naliona likielezwa vibaya hata kwenye semina.

Usiandike kwamba liposomu inapenya ubongoni kwa kuwa ni ndogo. Seli za mishipa ya ubongo zimebanana kiasi kwamba hata molekuli moja moja za dawa nyingi hazipiti katikati yake. Molekuli ya amfoterisini haifiki nanomita 3. Liposomu yake ni kama nanomita 80. Kama udogo ndio ungekuwa tiketi, dawa tupu ingetangulia zamani.

Anzia kwenye dawa yenyewe. Amfoterisini B ilipatikana mwaka 1955 kutoka kwa bakteria wa udongoni, Streptomyces nodosus, udongo uliochukuliwa eneo la Mto Orinoko, Venezuela. Inaua fangasi kwa kushika ergosteroli, mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli ya fangasi. Utando wa seli zetu una kolesteroli, ambayo ni ndugu wa karibu wa ergosteroli. Amfoterisini inaipenda ergosteroli zaidi, lakini kolesteroli nayo haiiachi salama, na seli za mirija ya figo ndizo zinazoumia kwanza. Ndiyo maana kriatinini ya mjomba, kile kipimo cha figo, ilipanda, na ndiyo maana potasiamu na magnesiamu zilikuwa zinamwagika kwenye mkojo. Kutetemeka ulikokuona kunatokana na seli za kinga kuamshwa na dawa na kumwaga kemikali za homa.

Halafu dawa hii haiyeyuki kwenye maji. Ile ya zamani inafanywa ikubali maji kwa kuchanganywa na chumvi ya nyongo, deoksikolati. Mchanganyiko huo ukishaingia kwenye damu unasambaratika, na dawa inabaki huru kushika chochote kilicho karibu.

Sasa liposomu. Wengi huchora duara lenye dawa katikati. Kwa dawa hii mchoro huo si sahihi. Kifuko ni cha ukuta mmoja wa tabaka mbili za mafuta: lesithini ya soya iliyojazwa hidrojeni, kolesteroli, na fosfolipidi moja yenye chaji hasi inayoitwa DSPG kwa kifupi. Amfoterisini imejipachika ndani ya ukuta wenyewe. Kikundi chake cha amino chenye chaji chanya kinashikana na fosfeti ya DSPG, na mwili wake unashikwa na kolesteroli ya ukutani. Kolesteroli ile ile iliyokuwa inaumia kwenye figo sasa imegeuzwa kuwa kishikizo cha dawa. Mimi kama mtu wa dawa nauheshimu sana usanifu huu: dawa imefungwa kwa kitu inachokipenda kiasi, ili isitoke mpaka ikutane na kitu inachokipenda zaidi. Liposomu zilizotiwa rangi zimeonekana chini ya darubini zikinasa kwenye ukuta wa seli ya fangasi, na hapo ndipo dawa inahamia.

Je, ubongoni? Sehemu kubwa ya liposomu inaishia kwenye ini na bandama, kwa sababu seli za kinga zinazokula takataka za damu zinazimeza. Kwenye maji ya uti wa mgongo dawa inayopatikana ni kidogo mno. Lakini maji ya mgongo si ubongo. Kuna utafiti wa sungura uliochapishwa mwaka 2000 uliolinganisha aina nne za amfoterisini, ile ya zamani na tatu za mafuta. Kwenye nyama ya ubongo yenyewe, liposomu ndiyo iliyoacha kiwango kikubwa zaidi, na ndiyo iliyofagia fangasi vizuri. Sehemu ya sababu ni kwamba damu inakaa na kiwango cha juu sana cha dawa kwa muda mrefu, na mishipa ya ubongo ulioambukizwa haijabana kama ya mtu mwenye afya. Kwa hiyo andika hivi: liposomu inakuruhusu kutoa dawa nyingi sana bila kuua figo, na kutokana na wingi huo kiasi cha kutosha kinafika.

Ile ya zamani tunatoa miligramu 1 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku. Ya liposomu inatolewa miligramu 10 kwa kilo, kwa mkupuo mmoja. Kumpa mtu kiasi hicho cha ile ya zamani ni kumuua.

Na hili si la Ulaya likaletwa kwetu. Jaribio la hatua ya pili, lililopima kasi ya fangasi kuisha kwenye maji ya mgongo, lilifanyika Botswana na hapa Tanzania, wagonjwa 80. Lile kubwa, AMBITION, lilifanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wagonjwa 844, matokeo yakachapishwa Machi 2022. Dozi moja ya liposomu pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14 ililinganishwa na matibabu ya wiki moja ya amfoterisini ya zamani na flusitosini, yakifuatiwa na flukonazoli. Baada ya wiki 10, waliofariki upande wa liposomu walikuwa asilimia 24.8, upande wa zamani asilimia 28.7. Madhara makali yaliwapata asilimia 50 dhidi ya asilimia 62.3. Hemoglobini ilishuka kwa wastani wa gramu 0.3 kwa desilita upande mmoja na 1.9 upande wa pili. Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake mwezi uliofuata, Aprili.

Usivipite haraka vile vidonge. Flusitosini na flukonazoli ni molekuli ndogo, hazina kifungashio chochote, na zinaingia ubongoni vizuri kuliko amfoterisini ya aina yoyote. Mgonjwa anapona kwa dawa tatu zinazosaidiana. Ukimsifu mbebaji peke yake utakuwa umewasahau wenzake wawili wanaotembea kwa miguu yao.

Nikueleze na namna inavyoandaliwa, kwa sababu kemia yote niliyoisema unaiona mezani. Kichupa kina miligramu 50 za unga mkavu wa njano uliogandamana chini. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji vichupa kumi. Unaingiza mililita 12 za maji safi ya sindano, maji matupu, kamwe usiweke maji ya chumvi, halafu unatikisa kwa nguvu nusu dakika mpaka upate kimiminika cha njano kisicho na vipande. Unavuta kwa bomba la sindano, unapachika chujio la mikromita 5, unapitisha kwenye glukosi ya asilimia 5. Chumvi ikiingia, chaji za ukuta zinazibwa, vifuko vinashikana na dawa inaganda. Sasa fikiria wodini: kabla ya dozi mgonjwa ametundikiwa lita moja ya salini, yaani maji ya chumvi, kulinda figo. Ni mpira ule ule. Nesi asipousafisha kwa glukosi kwanza, kazi yote inaharibikia sentimita chache kabla ya mshipa. Kila nikipeleka dozi wodini hili ndilo la kwanza ninalolisema.

Nano wa Uyole, transferini ni wazo zuri na sina ugomvi nalo. Ila huyu binti ana muhula mmoja. Chembe ikishapakwa protini, damu nayo inaipaka protini zake juu yake na kuifunika ile transferini. Kulithibitisha hilo kunahitaji wanyama. Amwachie mtu wa shahada ya uzamivu.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mfamasia asante, hilo la kusafisha mpira nimelipigia mstari.

Binti, na mimi nichangie kutoka kitandani. Kwenye utangulizi wako usiandike kwamba dawa peke yake ndiyo inayookoa. Wengi tunaowapoteza siku za mwanzo wanapotea kwa presha ya maji ya kichwani. Huyu fangasi ana koti la sukari nene linaloziba njia za maji ya ubongo kurudi kwenye damu. Maji yanajaa. Mgonjwa analalamika kichwa ambacho hakisikii dawa yoyote ya maumivu, anaona vitu viwili viwili, masikio yanaziba, halafu anaanza kulala mchana kutwa.

Daktari akichoma mgongoni na kusimamisha ule mrija wa kupimia, maji yakipanda kupita sentimita 25 yanatolewa mpaka yashuke kufikia 20 hivi, na yanaweza kutolewa tena kesho na kesho kutwa. Nimewashika mkono watu wasiojua walipo, na mililita ishirini zinavyotoka taratibu wananiuliza wako wapi na nani kaleta watoto. Hakuna nanomita yoyote hapo, ni sindano na mrija.

Kazi kubwa ni ndugu. Wanakataa kwa sababu wamesikia kwamba ukichomwa mgongo unapooza au unakufa. Naomba ulitaje hilo hata kwa sentensi moja, maana dawa nzuri bila ruhusa ya ndugu haisaidii.

Na wasianzishiwe ARV siku hiyo hiyo. Jaribio la COAT, lililofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa 2014, lilionyesha kwamba walioanzishiwa mapema walikufa zaidi kuliko waliosubiri wiki kama tano. Familia inaona tunachelewesha; tunaeleza.

Mzee wa Darubini

Nimefanya kazi ya maabara tangu enzi ambazo kriptokoka tulikuwa tunamtafuta kwa wino tu. Unadondosha tone la wino mweusi juu ya tone la maji ya mgongo, unafunika, unaweka kwenye darubini. Kila kitu kinakuwa cheusi isipokuwa seli za fangasi: duara linalong'aa lenye uwazi mpana kulizunguka, na uwazi huo ndio lile koti la sukari analolisema Sista. Ukiona kichipukizi kimetoka ubavuni, umempata. Tatizo ni kwamba wagonjwa wenye fangasi wachache wanakupita.

Sasa kuna kijiti cha antijeni, CrAg. Tone la maji ya mgongo au la damu, dakika kumi, mistari miwili. Kinashika antijeni za koti hilo hilo na kinaona kidogo sana. Kwenye kliniki za VVU (CTC) kinatumika pia kwa damu ya mtu mwenye CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, za chini sana hata kama haumwi, kwa sababu antijeni inaweza kuonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Ila kisitumike kuangalia kama mtu amepona. Antijeni inabaki miezi mingi baada ya fangasi kufa. Aliyepona anajulikana kwa kuotesha maji ya mgongo na kuona kwamba hakuna fangasi anayeota.

Binti, umeuliza tunajuaje si kitu kingine. Jibu la kweli ni kwamba tunawinda vyote kwa pamoja, na tunaanza na maji yenyewe. Yakija yamechafuka, hayaonyeshi upande wa pili, fikra inaenda kwa bakteria. Yakija meupe kama maji ya kunywa, usidanganyike: mtu ambaye kinga yake imekwisha hana seli nyeupe za kuyachafua, na nimeona maji masafi kabisa yenye fangasi kila pembe ya kioo. TB tunaitafuta kwa Xpert Ultra, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wake, na maji yawe mengi, yazungushwe kwanza ili bakteria wakae chini, kwa sababu ni wachache mno. Jibu la hapana la TB halifungi kesi. Malaria inapimwa kwa damu. Virusi vya hepesi vinahitaji PCR, kipimo cha kuzidisha vinasaba ili vionekane. Na mtu mmoja anaweza kuwa na fangasi na TB kwa wakati mmoja. Usipumzike kwa kumpata wa kwanza.

Kuna kisa ninachowapa vijana wote wanaokuja kujifunza kwangu. Agosti 1999, New York, wazee wanaanza kulazwa na kuvimba ubongo, miguu na mikono imelegea. Vipimo vya kingamwili vikasema ni virusi vya ensefalaiti ya St. Louis, ugonjwa wa mbu unaojulikana Marekani. Ikatangazwa. Wakati huo huo kunguru walikuwa wanaanguka mitaani, na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wanakufa. Tracey McNamara, mtaalamu wa patholojia ya wanyama pale bustanini, akawapasua, akaona ubongo na moyo vimeharibika, na akakataa: St. Louis haiui ndege namna hiyo. Aliendelea kubisha hodi kwenye maabara moja baada ya nyingine mpaka sampuli zake zikapimwa upya. Ilikuwa ni virusi vya Nile Magharibi, vilivyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937 kutoka damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, Uganda, jirani zetu. Kipimo cha kwanza kilipotoka kwa sababu virusi hivyo ni ndugu, na kingamwili za kimoja zinashika kingine. Aliyekipata ni aliyekataa kutenganisha ndege na watu.

Siku hizi wenye uwezo wanasoma chembe zote za urithi zilizomo kwenye maji ya mgongo bila kuchagua la kutafuta. Mwaka 2014 iliripotiwa kesi ya mvulana wa miaka 14, Marekani, aliyevimba ubongo na kuzimia; alikuwa amepimwa kila kitu, hadi kipande cha ubongo kikakatwa. Usomaji huo ukamkuta na bakteria wa leptospira ndani ya siku mbili, akapewa penisilini, akarudi nyumbani. Penisilini, dawa ya bei ya chini kuliko nauli ya kwenda kliniki. Natamani kipimo hicho kifike kwetu. Mpaka kitakapofika, nawaomba madaktari jambo dogo: toeni maji kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki inapowezekana, na kichupa kisilale wodini usiku kucha. Bakteria hufa njiani na mimi nabaki na maji matupu.

Binti Kilombero

Nawashukuru sana wote. Sista, shikamoo, hilo la ndugu kukataa nitaliweka. Kwetu mama mkubwa alikataa mwanzoni, hadi daktari mmoja alipokaa naye kwenye benchi akamwelezea. Mzee wa Darubini, shikamoo pia, nimemwona mjomba upya kwenye maelezo yako.

Mfamasia, sasa nimebadilisha kichwa cha mradi. Nimeacha neno "kupenya". Nataka kupima ni kwa kiasi gani kolesteroli ya ukutani inaishikilia amfoterisini isitoke. Nimefikiria kutengeneza vifuko vyenye kiwango tofauti cha kolesteroli. Mashine ya kupima ukubwa wa chembe ipo idara nyingine, naweza kuomba. Kwetu nina spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli), sentrifuji na bafu la maji moto. Inatosha? Na nimeona mahali wanazungumzia amfoterisini ya kunywa. Inawezekanaje, kama haiyeyuki?

Mfamasia wa Ziwani

Inatosha kabisa, na swali lako sasa ni la mtu anayejua anachokitafuta.

Spektrofotomita ndiyo silaha yako kubwa. Amfoterisini ina bahati ya kuwa na mnyororo wa bondi mbili mbili saba zinazofyonza mwanga, na umbo la grafu hubadilika kulingana na hali yake. Molekuli zikiwa zimetengana, unaona vilele vikali, cha mwisho kikiwa karibu na nanomita 409. Zikiwa zimejikusanya pamoja, vilele hivyo vinashuka na kilima kipana kinainuka upande wa 330 hivi. Kwa hiyo kwa sampuli moja na dakika chache unajua dawa imekaaje kwenye ukuta wako. Fanya hivyo kwa kila kiwango cha kolesteroli, kisha urudie baada ya kuviweka kwenye nyuzi 37 na kwenye joto la chumba chenu cha Dar bila kiyoyozi. Funika vyombo vyako kwa karatasi ya aluminiamu. Mwanga unaiharibu dawa hii na utaishia kupima uharibifu.

Pima pia sumu yake bila mnyama. Chukua chembe nyekundu za damu zilizooshwa, uziweke pamoja na vifuko vyako, zungusha kwenye sentrifuji, usome hemoglobini iliyomwagika. Chembe nyekundu ina utando wenye kolesteroli kama seli za figo, kwa hiyo dawa inayotoka ovyo itaitoboa. Weka ile amfoterisini ya zamani ya deoksikolati upande mmoja wa ulinganisho. Fuata taratibu za kibali za chuo kuhusu damu ya binadamu, au tumia ya kondoo. Ukipata fomula ambayo haipasui chembe nyekundu lakini bado inaua hamira kwenye sahani, una mradi wa kusimama nao mbele ya jopo lolote. Tumia hamira ya mkate. Nayo ina ergosteroli. Kriptokoka mwenyewe mwache kwa maabara zenye vifaa vya kinga, huyo anaingia kwa kuvutwa puani.

Kuhusu ya kunywa: ndiyo, ipo na imejaribiwa Uganda, kwenye jaribio linaloitwa EnACT. Hapo hawakutumia kifuko. Wamechukua fosfatidilserini, mafuta yenye chaji hasi, wakaongeza kalsiamu. Kalsiamu inazishikanisha karatasi za mafuta na kuzikunja kama mkeka, na dawa inabaki ndani ya mikunjo, mbali na maji na mbali na tindikali ya tumbo. Mkeka ukimezwa na seli, ambamo kalsiamu ni kidogo sana kuliko nje, unakunjuka na dawa inatoka. Tazama tofauti na liposomu: pale kinachofungua ni ergosteroli ya adui, hapa kinachofungua ni kushuka kwa kalsiamu. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba fangasi walipungua kwenye maji ya mgongo na figo hazikupigwa kama kwa ile ya dripu. Bado inahitaji jaribio kubwa kabla ya kufika kwenye rafu yangu, lakini kwa mgonjwa anayetoka kijijini kisicho na mtu wa kutundika dripu, naisubiri kwa hamu kweli.

Jambo moja la kununua mapema: lesithini. Usinunue ile ya kupikia kwenye duka la vyakula, ina mchanganyiko wa mafuta mengi na kila kopo lina uwiano wake. Tafuta fosfatidilkolini ya soya iliyosafishwa, na uulize kama imejazwa hidrojeni au la, kwa sababu ile isiyojazwa inalegea kwenye joto la mwili na itakupa majibu tofauti kabisa. Ukipata zote mbili, zilinganishe. Grafu za kwanza ukizipata zilete humu tuziangalie pamoja, hasa eneo la kati ya 300 na 450.

Nano wa Uyole

Nimeelimika, mfamasia. Binti, mashine ya kupima ukubwa na chaji ya chembe hata kwetu ipo. Ikikwama huko, nitumie ujumbe tupange namna ya kuzipima sampuli zako huku. Zisafirishwe kwenye ubaridi, zisigandishwe.